Beki Katoa Pasi: Kwa Nini Irabu za Kiingereza Hubadilika Kila Ukivuka Mto

Mtangazaji wa mpira akisema "beki katoa pasi", sentensi hiyo fupi imebeba ushahidi wa Kiingereza cha watu fulani, wa mahali fulani, wa wakati fulani. Maneno yote mawili tumeyachukua kwa Waingereza: "back" na "pass". Yote mawili huandikwa kwa herufi a. Ila moja limeingia kwetu na e, jingine na a. Ndivyo ilivyo pia kwa bendi ya dansi. "Band" na "dance" zina a ileile kwenye maandishi, lakini hakuna aliyewahi kulipa kiingilio kwenda kusikiliza bandi ya densi.

Waliotuletea maneno haya hawakuyatoa kitabuni. Waliyasikia kazini, kambini, viwanjani na kwenye kumbi za starehe, wakayatia katika Kiswahili kwa sikio, na sikio lao lilikuwa kali. Mwingereza wa kusini wa enzi za ukoloni alikuwa kweli na irabu mbili tofauti kabisa hapo: ile ya "back" ilikuwa imesogea jirani na e yetu, na ile ya "pass" ilikuwa aa ndefu inayotoka nyuma ya kinywa. Lau wangeyasikia maneno hayo kwa mtu wa Manchester, irabu ingekuwa moja katika yote mawili.

Watu wengi hudhani kwamba kuna Kiingereza kimoja kilichonyooka, halafu kuna watu wanaokipindisha. Sivyo. Kila lahaja ya Kiingereza ina mpangilio wake wa irabu, na mpangilio huo ni mkali kama kanuni za ngeli. Ukishajua mahali pa kutega sikio, mtu akizungumza dakika mbili tu unaweza kukisia amekulia upande gani wa dunia.

Ulimi usiogusa kitu

Kwanza, kwa nini irabu? Ukitamka p, midomo inagusana. Ukitamka t, ncha ya ulimi inagonga juu. Ama imegusa, ama haijagusa. Irabu haina mguso huo. Ulimi unaelea ndani ya kinywa, juu kidogo au chini kidogo, mbele au nyuma, midomo ikiwa imeviringwa au imelegea, na kati ya e na a hakuna ukuta wala alama ya kukuambia umevuka. Mtoto akiuweka ulimi chini kidogo kuliko mama yake, hakuna atakayegundua. Vizazi vitatu baadaye mji mzima umehama.

Kiswahili kimesalimika na hali hii kwa sababu kina irabu 5 tu, na zimekaa mbalimbali, kila moja na uwanja wake mpana. Ndiyo maana lahaja zetu hupishana zaidi kwenye konsonanti. Mtu wa Mombasa husema nti, ndia na ndoo pale wa Unguja anaposema nchi, njia na njoo, lakini i ni ileile, a ni ileile, o ni ileile. Kiingereza ni kinyume chake. Kutoka Edinburgh hadi Auckland b, m, s na f ni zilezile kwa kiasi kikubwa, ila irabu hazifanani hata kidogo. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na irabu zipatazo 20, ukijumlisha zinazoteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine kama katika "my" na "now". Zimesongamana kinywani, moja ikisogea inamkanyaga jirani, na jirani naye anahama au anamezwa.

Njia iliyo rahisi kwangu ya kulieleza hili ni mchezo wa bao. Irabu ni mashimo, maneno ni kete. Lahaja mbili zinaweza kutofautiana kwa mambo matatu. Huenda idadi ya mashimo si moja: wengine wamechimba shimo la ziada, wengine wameunganisha mawili yakawa moja. Huenda mashimo ni yaleyale ila yamechimbwa mahali pengine kinywani. Au mashimo yanalingana, lakini kete fulani huku imewekwa shimo hili na kule imewekwa lile.

Mwanafonetiki John Wells wa University College London ndiye aliyewapa wenzake chombo cha kuhesabia kete hizo. Mwaka 1982 aliyapanga maneno ya Kiingereza katika makundi 24, kila kundi likiwa na neno moja la kuliwakilisha: TRAP, BATH, STRUT, LOT, NURSE na kadhalika. Badala ya kusema "a fupi", jambo ambalo kila mtu atalielewa kwa lahaja yake, unasema "irabu ya TRAP", na mtu wa Glasgow na mtu wa Texas wote wanajua ni maneno gani unayoyazungumzia, hata kama hawayatamki sawa. "Back" na "band" ziko kundi la TRAP. "Pass" na "dance" ziko kundi la BATH.

Pasi ndefu, pasi fupi

Makundi haya mawili zamani yalikuwa shimo moja. Mwishoni mwa karne ya 17, London na kusini mwa Uingereza, a fupi ilianza kuvutwa ikawa ndefu kila ilipotangulia f, s au th, na katika maneno mengi pale ilipofuatwa na n pamoja na konsonanti nyingine: "laugh", "pass", "bath", "dance". Baadaye aa hiyo ikarudi nyuma ya kinywa. Kaskazini hawakuufuata mtindo huo. Hadi leo kuna mstari unaokatiza katikati ya Uingereza, na ukishauvuka kwenda Bury, alikokulia Gary Neville, beki wa zamani wa Manchester United, "back" na "pass" zina a moja, fupi, ya wazi.

Marekani nayo ilibaki na ya zamani kwa sehemu kubwa. Makazi ya Waingereza kule Jamestown, Virginia, yalianza 1607, kabla mvutano huo haujashika. Walioondoka waliondoka na a yao fupi. Kwa hiyo Mwingereza wa kusini anayemcheka Mmarekani kwa kusema "dance" kwa irabu ya "band" anamcheka mtu aliyetunza mpangilio wa mababu wa wote wawili. Australia imechanganya. Sydney, iliyoanza 1788, watu wengi husema "dance" kwa irabu fupi, ilhali Adelaide, mji wa jimbo lililoanzishwa 1836, wanajulikana kwa ile ndefu. Inaonekana kila koloni liliondoka na irabu iliyokuwa sokoni siku meli ilipong'oa nanga.

Usidhani kusini kwenyewe kuna utaratibu. "Pass" ni ndefu, "mass" ni fupi. "Grass" ni ndefu, "gas" ni fupi. "Plant" ni ndefu, "pant" ni fupi. Badiliko lilipita neno kwa neno likachoka njiani, na anayejifunza leo hana la kufanya ila kukariri. Ndiyo maana simlaumu mwanafunzi anayekata tamaa hapa. Na ukimsikia kijana wa Nairobi akisema "densi", nashuku neno limeazimwa mara ya pili, safari hii kutoka Marekani.

Sasa upande wa e. Beki si peke yake: tuna benki, begi, bendi, jeki, meneja, gereji. Yote hayo ni maneno ya kundi la TRAP. Tanki na kamera zimekwenda njia nyingine, na teksi na taksi bado zinagombana, kwa hiyo si sheria isiyovunjika, lakini mkondo unaonekana. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Waingereza wenye vyeo waliitamka irabu hii juu sana, mahali ambapo sisi tunasikia e. Sikiliza rekodi za redio za wakati ule na utasikia "thet men" badala ya "that man".

Ushahidi mzuri kuliko wote umetoka Ikulu ya Uingereza yenyewe. Malkia Elizabeth II alitoa hotuba ya Krismasi karibu kila mwaka tangu 1952, na rekodi zimehifadhiwa. Jonathan Harrington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walizipima irabu zake za miaka ya 1950 wakazilinganisha na za miaka ya 1980, na matokeo yakatoka katika jarida la Nature mwaka 2000. Malkia alikuwa amehama. Hakufika kwa raia zake, lakini irabu zake zilikuwa zimesogea kuelekea zile za wananchi wa kawaida wa kusini, irabu ya TRAP ikiwa miongoni mwao. Kama mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumwiga yeyote alibadilika, basi hakuna anayeweza kukaa palepale.

Leo vijana wa London wameishusha irabu hiyo hadi karibu na a yetu. Neno "back" lingekuja Afrika Mashariki mwaka huu, lingeingia kama "baki", na watangazaji wangepata taabu ya kueleza kwa nini baki hakubaki nyuma.

Herufi r iliyoondoka na kuacha alama

Karata na kadi ni ndugu wa mbali. Karata tumeipata kwa Wareno, na ina r. Kadi tumeipata kwa Waingereza, na haina, ingawa kwenye maandishi yao "card" ina r waziwazi. Ukiangalia vizuri, r imepotea kila mahali: fomu, bodi, spoti, ripoti, yadi, shati, nesi, sketi. Na mwishoni mwa maneno, pale Kiingereza kinapoandika "er", sisi tuna a tupu: meneja, kompyuta, kaunta, golikipa, dereva.

Mmarekani hawezi kutupa maneno ya sura hii, wala Mskoti, wala mtu wa Ireland, maana wote hao huitamka r. Aliyetupa ni Mwingereza wa kusini, aliyeipoteza r yake katika karne ya 18 kila ilipokosa irabu ya kuifuata. Mwaka 1791 John Walker, mtunzi wa kamusi ya matamshi, alieleza kwamba watu wa London walikuwa wakiitamka r ya "card" kwa ulegevu hivi kwamba neno linasikika "caad". Ongeza i mwishoni na umepata kadi.

Unaweza kusema hilo ni suala la konsonanti, si irabu. Lakini r ilipoondoka ilivuruga mashimo yote ya jirani. "Court" na "caught" zikawa neno moja masikioni. "Beer" na "bear" zikapata irabu mpya zinazoteleza. Na kundi la NURSE likazaliwa: maneno ambayo zamani yalikuwa na irabu tatu tofauti mbele ya r yakaporomokea katika shimo moja la katikati ya kinywa, sauti ambayo Kiswahili hakina hata ya kufananisha. Waskoti wengi, kwa kuwa r yao ipo, bado wana irabu tatu mbalimbali katika "bird", "word" na "heard". Sisi tulipolipokea kundi hilo sikio liliyumba: nesi, sketi na fenicha zikaenda kwa e, shati likaenda kwa a. Hayo yote ni kundi moja kwa Wells. Sauti iko katikati ya e na a, na kila mzee aliamua kivyake.

Liverpool, jirani na Bootle alikokulia Jamie Carragher, beki wa zamani wa Liverpool, walikwenda mbali zaidi. Huko irabu ya "her" na ya "hair" ni moja, imesogezwa mbele kabisa. Mtu wa Liverpool akimwita muuguzi, sisi tunasikia neno linalokaribiana sana na nesi wetu.

Klabu, braza na broda

Irabu ya "cup", "club" na "bus" ni mgeni katika Kiingereza. Hadi karne ya 17 maneno ya aina hiyo yalikuwa na u, kama maandishi yanavyosema. Kusini wakailegeza midomo, u ikashuka ikawa sauti iliyo karibu na a, isipokuwa katika maneno machache ambayo p, b, f au w iliendelea kuishikilia midomo: "put", "full", "bull", "push". Ndipo "but" na "put" zikaachana. Kaskazini mwa Uingereza shimo hilo la ziada halikuchimbwa kamwe. Huko "putt" ya gofu na "put" ni sawasawa, na klabu ya Manchester, mdomoni mwa mtoto wa Manchester, ni "klub". Sisi tumeandika klabu, basi, jagi, brashi, jaji, pampu. Kusini tena.

Kwa kuwa sauti hiyo haimo katika irabu 5 wala 7 za lugha nyingi za Afrika, kila sikio liliipeleka lilikoona panafaa. Wanigeria wa kusini waliipeleka kwenye o. "Bus" kwa Kiyoruba ni bọ́ọ̀sì, kwetu ni basi. Na yeyote aliyekaa mbele ya filamu za Nollywood anajua kwamba kaka ni "broda", wakati Dar na Mombasa kaka huyohuyo ni braza. Mwingereza aliyezungumza Lagos na aliyezungumza Dar huenda walikuwa wamesoma darasa moja. Tofauti imefanywa na wasikilizaji.

Marekani, ambako "block" inasikika kama "black"

Boksi, soksi na ofisi zinasimulia habari ileile kutoka upande mwingine. O hiyo ya mviringo ni ya Uingereza. Marekani iliiacha midomo ilegee, na kwa wengi wao irabu ya "hot" ni ileile ya "father". Kwa masikio ya Kiswahili hiyo ni a tupu, ndiyo maana mtu aliyesoma Tanzania akifika Ohio anaweza kusimama akijiuliza kama ameombwa alete kitu cha moto au kofia. Kanada na magharibi ya Marekani wamekwenda hatua moja zaidi wakaunganisha "cot" na "caught". Kusini mwa Marekani wameunganisha "pin" na "pen", hata huwabidi kuongeza neno ili ijulikane ni kalamu ya wino inayotakiwa au pini ya kuchoma.

Lakini kioja kikubwa kiko kando ya Maziwa Makuu ya kule: Chicago, Detroit, Cleveland, Buffalo, Rochester, Syracuse. Katika karne ya 20 irabu za miji hiyo zilianza kuzunguka kwa mfululizo. Ile ya TRAP ilipanda juu ikawa kama "ia", hata jina Ann likasikika kama Ian. Ilipoacha nafasi wazi, irabu ya LOT, ile ya "hot", ikasogea mbele kuijaza, na "block" ikaanza kusikika kwa wageni kama "black". Ile ya "caught" ikashuka kushika nafasi ya LOT. Hapa bao linaonekana waziwazi: shimo moja limehamishwa, mengine yamefuata, na ndani ya mji wenyewe hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu umbali kati ya shimo na shimo umebaki uleule. Anayechanganyikiwa ni mgeni.

William Labov, mwanaisimu wa Marekani aliyefariki 2024, ndiye aliyeufuatilia mzunguko huo kwa miongo mingi, na ramani yake na wenzake Sharon Ash na Charles Boberg ya mwaka 2006 inauonyesha mji kwa mji. Cha kuchekesha ni kwamba vijana wa miji hiyo sasa wanarudi nyuma. Irabu iliyokuwa ya kisasa kwa bibi zao imekuwa ya kizee.

New Zealand walifanya mzunguko wa aina hiyo kwa mpangilio wao. A ilipanda ikawa kama e, e ikapanda ikawa kama i, na i fupi ikasukumwa hadi katikati ya kinywa. Mtu wa Wellington akikuomba "pen", utampa pini. Akisema "bad", utadhani anazungumzia kitanda. Waaustralia hawachoki kuwatania kwamba wanakula "fush and chups", na wao hujibiwa kwamba wanakula "fiish and chiips". "Beer" na "bear" kwa vijana wengi wa New Zealand ni neno moja. Bahati nzuri tunajua yalivyoanza, maana kati ya 1946 na 1948 gari la kurekodia la shirika la utangazaji la nchi hiyo lilizunguka mashambani likinasa sauti za wazee, wengine waliozaliwa miaka ya 1850. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Canterbury walizikusanya sauti hizo, na ndani yake unasikia lafudhi ya taifa ikizaliwa kutoka kwa watoto wa wahamiaji wa Uingereza, Scotland na Ireland.

Mababu waliosoma kama sisi

Msomaji wa Kiswahili anayelalamika kwamba Kiingereza hakisomwi kama kilivyoandikwa ana haki, ila amechelewa miaka 600. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, aliziheshimu herufi zake karibu kama sisi. "Name" aliitamka karibu na "naame", "time" karibu na "tiime", "house" ilikuwa "huus", "see" ilikuwa na ee ya "pelekee" na "moon" ilikuwa na oo ya "chokoo". Halafu, kati ya karne ya 15 na ya 17, irabu zote ndefu zikapanda. Aa ikaelekea ee, ee ikawa ii, oo ikawa uu. Zilizokuwa tayari kileleni, ii na uu, hazikuwa na pa kupanda, zikavunjika zikawa "ai" na "au". Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, ndiye aliyeubandika mkondo huo jina la Mhamo Mkuu wa Irabu.

Msiba wa tahajia ni kwamba William Caxton alileta mtambo wa kuchapa Westminster mwaka 1476, mhamo ukiwa njiani. Wachapaji wakaanza kuyagandisha maandishi huku midomo ikiendelea kutembea. Baadhi ya maneno hata hayakumaliza safari: "meat" imefika kwenye ii, lakini "great", "break" na "steak" zenye ea ileile zilishukia njiani.

Kaskazini, mhamo ulikwama upande mmoja. Huko oo ilikuwa imekwishasogea mbele ya kinywa kabla ya safari kuanza, kwa hiyo hapakuwa na wa kuisukuma uu kutoka chini. Uu ikakaa. Ndiyo sababu katika Kiskoti nyumba bado ni "huus", na ndiyo sababu mashabiki wa Newcastle United huiita timu yao "Toon": ni "town", mji, kwa matamshi ambayo London iliyaacha karne nyingi zilizopita.

Kisiwa kilichokataa

Yote haya yanaweza kusikika kama ulimi unajiendea wenyewe. Wakati mwingine sivyo. Mwaka 1961 Labov, akiwa bado mwanafunzi, alikwenda Martha's Vineyard, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Massachusetts, akarekodi watu 69. Alikuwa akitafuta jambo dogo mno: mwanzo wa irabu katika "right" na "house", ambao baadhi ya wenyeji waliutamkia katikati ya kinywa badala ya chini. Kwa hesabu za kawaida, tamko hilo la kizamani lilipaswa kuwa linakufa. Akakuta linaongezeka.

Walioongoza walikuwa wavuvi wa Chilmark na watu wa umri wa miaka 31 hadi 45. Kisiwa kilikuwa kinavamiwa kila kiangazi na watalii wenye pesa walionunua nyumba na ufukwe. Uvuvi ulikuwa unafifia. Waliokusudia kubaki kisiwani waliitia irabu hiyo mkazo bila hata kujua wanaifanya. Vijana waliopanga kuhamia bara hawakuwa nayo. Utafiti ulichapishwa 1963. Anayezifahamu nyumba za Lamu na Mji Mkongwe zilizonunuliwa na wageni hatahitaji kuelezwa hisia zilizokuwa nyuma ya irabu hiyo.

Na sisi je?

Kiingereza cha Afrika Mashariki kina mashimo machache, na wanaisimu wamekwisha kukieleza kama lahaja nyingine yoyote. "Bit" na "beat" ni shimo moja. "Pull" na "pool" pia. Kubwa zaidi ni lile la a, linalomeza "bad", "bud", "bard" na "bird" zote nne. Mwalimu atakwambia ni makosa. Lakini Mskoti naye ameunganisha "pull" na "pool", kwake "good" na "food" ni vina, na hakuna anayempeleka darasani kurekebishwa. Tofauti iko kwenye hadhi ya msemaji, haiko kwenye irabu.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Maneno ya mkopo tuliyapata kwa sikio, lakini Kiingereza cha shuleni tumekipata kwa jicho, kwa kitabu na ubao. Matokeo yake mtu wa Kisumu au Morogoro ana matamshi mawili ya neno moja. Akisema Kiswahili, anakwenda benki. Akigeukia Kiingereza katika pumzi hiyohiyo, anasema "bank" kwa a ya wazi, kwa sababu ameiona a. Vivyo hivyo meneja kwa Kiswahili ana e, na kwa Kiingereza cha ofisini ana a. Sikio la babu na jicho la mwalimu vimekaa katika kichwa kimoja bila kugombana.

Ukitaka kujaribu, usimuulize mtu anatoka wapi. Mpe maneno ayasome. Mwingereza mpe "put" na "putt", zikifanana ni wa kaskazini. Mmarekani mpe "cot" na "caught", kisha "pin" na "pen". Mtu wa Pasifiki mpe "fish", na usicheke. Mwenzetu wa Afrika Mashariki mpe "bird" na "bad", na akizitenganisha vizuri, muulize ada ya shule ilikuwa kiasi gani.